Umepewa ustejimeneja wa A Raisin in the Sun chuoni? Fanya hivi hatua kwa hatua

Habari zenu ndugu. Huu mwongozo ni wa nyie mnaosoma komyuniti koleji huku Marekani, umechukua somo la maigizo, na sasa dairekta amekwambia wewe ndo utakuwa stejimeneja, yaani mtu anayeshika mazoezi yote na baadae anaendesha onyesho lenyewe kuanzia taa ya kwanza mpaka watu wanapopiga makofi. Mimi nimeifanya hii kazi kwenye chuo kimoja cha miaka miwili, jioni baada ya shifti, na tamthilia tuliyofanya ni A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry. Naandika kwa sababu nilipoanza nilitafuta maelezo kwa Kiswahili sikupata hata ukurasa mmoja.

Kwa asiyeijua kabisa, ni hadithi ya familia ya Younger, watu weusi wa South Side Chicago, wanaishi kwenye kijumba kidogo cha kupanga, baba wa familia amefariki na cheki ya bima ya dola 10,000 inakuja, na kila mtu ndani ya nyumba ana lake kichwani kuhusu hiyo hela. Ilionyeshwa Broadway kwa mara ya kwanza tarehe 11 Machi 1959, Sidney Poitier akiwa Walter Lee, dairekta Lloyd Richards, na Hansberry mwenyewe alikuwa na miaka 28 tu, mwanamke mweusi wa kwanza tamthilia yake kuchezwa Broadway. Sasa ukiisoma kama stejimeneja utaona kwamba hii tamthilia inabebwa na vitu vya mkononi. Senti hamsini, mayai, bahasha, mmea wa kwenye kopo, meza. Msimamo wangu ni huu na nausema mapema: vitu hivyo viingie mazoezini wiki ya kwanza, visisubiri wiki ya mwisho. Mengine yote hapa chini yanaelekea huko.

Hatua ya 1: leseni kabla ya bango

Usichapishe bango, usitangaze tarehe, usiuze tiketi mpaka leseni imetoka. Hii tamthilia bado ina hakimiliki, kwa sheria ya Marekani kazi iliyochapishwa mwaka 1959 inalindwa miaka 95, kwaiyo mpaka mwisho wa 2054. Leseni inaombwa kwa Concord Theatricals, chuo kinajaza fomu yao mtandaoni, wanataka kujua mtaonyesha siku ngapi, ukumbi una viti vingapi, tiketi bei gani, alafu wanakuletea ada ya kila onyesho. Kazi hii kwa kawaida ni ya idara, ila wewe uliza mapema na uweke nakala kwenye faili lako. Leseni haikupi ruhusa ya kubadilisha maneno wala kukata sini, na kurekodi video ni ruhusa nyingine kabisa, kwaiyo shangazi wa mtu akitaka kuweka laivu kwenye simu umwambie kwa upole hapana.

Kitu kingine ambacho watu wanakipuuza: hakikisha wote mna chapa moja ya skripti. Kuna chapa zenye yule jirani, Mrs. Johnson, na nyingine hana, na namba za kurasa zinatofautiana. Kwetu watu wawili walinunua vitabu vya mtumba, dairekta anasema fungua ukurasa fulani wao wako kwingine, tukapoteza jioni mbili nzima kwa hilo tu.

Hatua ya 2: soma ukiwa unatafuta vitu

Soma mara ya kwanza kwa raha zako. Mara ya pili chukua karatasi, piga mistari minne: ukurasa, kitu, nani anaingia nacho, nani anatoka nacho. Hiyo karatasi ndo itakuokoa.

Nikupe mfano wa sini ya kwanza peke yake. Saa ya mezani inalia kengele chumbani. Travis, mtoto wa miaka kama 10 au 11, amelala kwenye sofa, kwaiyo kuna shuka na blanketi ambazo lazima ziondolewe na mtu fulani kwa wakati fulani. Ruth, mama yake Travis, anapika mayai. Gazeti la asubuhi lipo. Travis anaomba senti hamsini za shule, mama yake anasema hakuna, baba yake, yaani Walter Lee, anaingiza mkono mfukoni anampa, alafu anamwongezea hamsini nyingine mbele ya mkewe ili asionekane hana kitu, na baada ya muda Walter huyohuyo anarudi mlangoni anaomba nauli kwa mke wake kwa sababu mfuko mtupu. Hapo kuna sarafu tatu zimebadilisha mikono na ndoa nzima umeshaiona. Kama sarafu hazipo na waigizaji wanapeana hewa, hiyo sini haiwezi kukaa, nimeiona kwa macho yangu wiki mbili za kwanza, walikuwa wanasema maneno vizuri tu lakini hakuna aliyeona aibu. Siku nilipoweka sarafu za kweli, aliyecheza Walter aliingiza mkono mfukoni akaitafuta ile ya pili kwa vidole, akachelewa kidogo, Ruth akamwangalia ule mkono. Dairekta hakusema kitu, aliandika tu.

Na ukitafuta hizo sarafu angalia usichukue ile nusu dola yenye sura ya Kennedy, hiyo imeanza 1964. Ya wakati huo ina sura ya Benjamin Franklin, maduka ya sarafu za zamani wanauza. Utasema nani ataona kutoka kwenye kiti? Haoni mtu, ila mwigizaji anaishika kila siku.

Hatua ya 3: usaili wa waigizaji

Andaa fomu yenye jina, simu, na ratiba ya kazi ya mtu, na hiyo ya mwisho ndo muhimu kuliko zote. Komyuniti koleji sio kama vyuo vikubwa, watu wanakuja wametoka kazini, mwingine ana watoto, mwingine anafanya usiku hospitali, kwaiyo usipojua ratiba utapanga mazoezi ya watu ambao hawapo. Lakini hapo hapo ndo pana utajiri wetu. Chuo kikubwa Mama Lena, mama yake Walter, anachezwa na binti wa miaka 20 aliyepakwa mvi, kwetu Mama alikuwa mama kweli, mwanafunzi mwenye wajukuu, na alipokuwa anakunja zile shuka za Travis hakuna aliyemfundisha.

Travis ni mtoto, kwaiyo unahitaji idhini ya mzazi kwa maandishi, mtu mzima wa kukaa nae nyuma ya jukwaa muda wote, na muda wa kumruhusu kwenda nyumbani. Uliza chuo kina utaratibu gani wa watoto, usibuni wa kwako.

Alafu kuna Joseph Asagai, mwanafunzi Mnaijeria, Myoruba. Wewe Mswahili utaulizwa tu, hilo lijue, watakuja kwako wanasema tuonyeshe Waafrika wanaongeaje. Mimi niliwaambia kwa heshima kwamba kutoka kwetu mpaka kwao ni mbali, lugha nyingine, lafudhi nyingine, nikaenda kumtafuta kaka mmoja Myoruba anayesoma unesi chuoni hapohapo, akaja jioni mbili akakaa na mwigizaji, akamrekebisha matamshi ya lile jina Asagai anampa Beneatha, dada yake Walter, yaani Alaiyo, na akamwonyesha binti aliyecheza Beneatha jinsi ya kuvaa ile nguo ya Kinaijeria bila kuitengeneza tengeneza kila dakika. Fanyeni hivo jamani. Asagai ni mtu mwenye akili na ndoto ya nchi yake kabla ya uhuru wa 1960, sio kichekesho.

Hatua ya 4: tepu sakafuni

Kabla ya zoezi la kwanza la kutembea, chora nyumba sakafuni kwa tepu, vipimo kamili vya jukwaa. Mchoraji wa seti atakupa ramani, mara nyingi nusu inchi ni futi moja, kwaiyo pima kwanza alafu zidisha, na mwombe mtu akushikie upande wa pili wa futi kamba. Tumia rangi tofauti za tepu kwa kuta na kwa fenicha. Weka alama mlango unafungukia wapi, maana mwigizaji akizoea kuufungua kwenda ndani na seremala ameutengeneza kwenda nje utalia.

Nyumba ya kina Younger ni chumba kimoja ambacho ni sebule na jiko pamoja, vyumba viwili vya kulala, choo kipo nje koridoni wanachangia na majirani, na dirisha moja dogo ambalo ndo mwanga wote wa mchana unapitia. Sisi tuliokulia nyumba za kupanga uswahilini hatuhitaji kuelezwa foleni ya choo asubuhi. Waelezee wenzako waliokulia kwenye nyumba zenye bafu mbili, kwa sababu sini ya kwanza yote wanawahiana hicho choo.

Hatua ya 5: kitabu chako

Faili kubwa, skripti upande mmoja, karatasi tupu upande wa pili. Penseli, sio peni, na raba nzuri. Kila mwigizaji mpe herufi, W, R, B, M, T, na kila anapohamishwa andika kifupi. Kulia na kushoto ni kwa mwigizaji akiwa ameangalia watu, sio kwako uliyekaa kwenye viti, na huku wanasema kwenda juu wakimaanisha kwenda nyuma ya jukwaa, kushuka ni kuja karibu na watu, imetokana na majukwaa ya zamani yaliyoinama. Andika siku hiyohiyo. Ukisema nitaandika kesho, kesho dairekta atabadilisha.

Hatua ya 6: jioni za mazoezi

Kwetu zilikuwa saa 12 na nusu jioni mpaka saa 3 na nusu usiku, wiki sita. Fika nusu saa kabla, fungua mlango, washa taa, fagia, panga vitu mezani. Huku waigizaji wa kulipwa wana utaratibu wa kupumzika dakika 5 kila baada ya dakika 55, au dakika 10 baada ya dakika 80, chuoni halikulazimishi ila ufuate, watu wametoka kazini wamechoka. Ukitangaza dakika tano wao wanajibu asante tano, na hiyo sio adabu tu, ni uthibitisho kwamba wamesikia.

Kila usiku kabla ya kulala tuma ripoti kwa imeili: tumeanza saa ngapi, nani amechelewa, tumefanya kurasa zipi, mtu wa maleba anatakiwa kujua nini, mtu wa taa nini. Fupi tu. Panga na dairekta siku ya kuacha skripti mkononi, na baada ya hapo wewe ndo unafuatilia maneno, mtu akiganda akaomba unampa neno lake bila kumwonea huruma na bila kumcheka, alafu mwisho wa zoezi unampa karatasi ya mahali alipokosea. Usisahau hata neno dogo, maandishi ya Hansberry yana mdundo wake.

Sasa vitu vitatu vinavyohitaji mazoezi ya peke yake.

Mayai. Uliza mzio kwanza, hilo sio la kufanyia mchezo. Sisi hatukupika jukwaani, tuliyavuruga nyuma kwenye jiko dogo la umeme dakika 20 kabla, chumvi kidogo, vipande vidogo vidogo, yakalazwa kwenye kikaango ambacho Ruth anajifanya anakoroga. Mwigizaji anatakiwa aweze kumeza na kusema sentensi ndefu hapohapo. Tulijaribu mkate laini kwanza, ukamkwama kooni.

Meza. Kuna sini Beneatha amevaa nguo za Kinaijeria anacheza muziki wa santuri, Walter anaingia amelewa, anaungana nae, anapanda juu ya meza anajiona ni chifu mwenye mkuki, na anapaza sauti kwamba Kenyatta ndo mtu wake. Nilipofika hapo kwenye skripti nilisimama. Mwezi Machi 1959 Jomo Kenyatta alikuwa bado kifungoni kaskazini mwa Kenya, na huku kwenye jukwaa la New York Walter, dereva mweusi wa Chicago, anamwita kwa jina. Waambieni waigizaji hilo, wengi hawajui Kenyatta ni nani, wanalisema kama kelele za mlevi tu. Kwetu baada ya kujua, aliyecheza Walter alilisema kama mtu anayemwita ndugu aliye mbali. Na meza yenyewe ipimwe, watu wawili wazito wasimame juu wacheze kabla mwigizaji hajapanda, miguu ikazwe skrubu, na akiwa amevaa viatu vya onyesho sio raba.

Mmea. Mama ana mmea dhaifu anaoutunza dirishani na ndo kitu cha mwisho kinachotoka jukwaani. Nunua miwili inayofanana, mmoja wa akiba, na weka zamu ya kumwagilia, kwa sababu ndani ya ukumbi hakuna jua na utakufa kweli.

Kuhusu Karl Lindner, mzungu anayekuja na ofa ya hela ili familia isihamie Clybourne Park, mtaa wa wazungu: hilo ni la dairekta, ila kama stejimeneja utasikia watu wanataka awe jambazi la kukunja uso. Baba yake Hansberry alinunua nyumba kwenye mtaa wa wazungu Chicago na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1940, kwaiyo mwandishi alijua watu hawa wanavyoongea, wanaongea taratibu wakiwa na mkoba na makaratasi. Hakikisha mkoba una makaratasi ya kweli ndani.

Hatua ya 7: wiki ya taa na sauti

Hii wiki usipange kitu kingine, omba ruhusa kazini mapema. Kwanza mnakaa mezani wewe, dairekta, mtu wa taa na mtu wa sauti, mnaandika kila kyuu, yaani kila mahali taa au sauti inabadilika, kwenye kitabu chako. Kila kyuu ina namba. Alafu mnaruka kutoka kyuu moja hadi nyingine na waigizaji, inachosha sana, waletee maji.

Kwenye hedseti lugha ni moja tu na utaitumia kwa Kiingereza kama wanavyoitumia wao: "standby lights 12, sound 7", yaani jiandaeni kwa taa 12 na sauti 7, wao wanajibu standby, alafu kwa wakati wake "lights 12, sound 7, go". Hilo neno la mwisho usilitamke kwa sababu nyingine yoyote ukiwa umevaa hedseti, hata kwenye mazungumzo, maana mtu wa taa akilisikia anabonyeza. Kengele ya ile saa ya mwanzo ni kyuu ngumu, taa inatakiwa iwe hafifu ya alfajiri, kengele ilie, alafu Ruth atokee. Tuliifanya mara kumi na moja.

Hatua ya 8: usiku wa onyesho

Karatasi ya kusaini mlangoni, asiyesaini unampigia. Tangaza nusu saa, dakika kumi na tano, tano, na mwisho kila mtu mahali pake. Kagua njia za dharura ziko wazi. Onyesho lote ni karibu masaa matatu ukijumlisha mapumziko, kwaiyo ukichelewa kuanza dakika kumi mwenye mtoto nyumbani anaumia.

Na kagua meza ya vitu kwa kugusa kimoja kimoja kwa kidole, usikague kwa macho. Usiku wetu wa kwanza bahasha ya cheki ilikuwa imeachwa meza ya upande wa kushoto na Travis anaingilia kulia. Mtoto amefika mlangoni mikono mitupu ananiangalia, moyo ulinidunda nikasikia mpaka kwenye hedseti. Msaidizi wangu akazunguka nyuma gizani mbio na soksi. Jukwaani Mama hakusema neno lolote ambalo halimo, alienda dirishani akaukagua mmea wake jani moja moja kama mtu anayesubiri posta, Ruth akapangusa meza iliyokuwa safi, nusu dakika nzima, na watu kwenye viti wakanyamaza kimya kwa sababu walidhani ndo hivo inavyotakiwa. Kesho yake dairekta akaomba ule ukimya ubaki, akaupunguza tu. Mimi kuanzia hapo nikachora kila kitu umbo lake kwenye meza kwa tepu na jina pembeni, bahasha ina kibanda chake, sarafu zina chao, na nagusa kabla ya watu kuingia na kila mapumziko.

Kyuu ya mwisho kuwa nayo makini kuliko zote. Familia imetoka, nyumba tupu, mlango umefungwa, alafu Mama anarudi kuchukua mmea. Mtu wa taa atataka kuzima mapema kwa sababu watu wanaanza kupiga makofi. Mwambie asiguse. Toa go baada ya mlango kufungwa mara ya pili.

Hatua ya 9: kubomoa

Onyesho la mwisho likiisha jukwaa linabomolewa usiku uleule na kila mtu anashiriki, waigizaji pia. Glavu, viatu vigumu, mtoto aliyecheza Travis asiwepo. Vya kuazima virudi na karatasi ya sahihi. Hesabu sarafu. Toa tepu yote sakafuni, ile ya zamani inaganda, tumia kisu butu. Kitabu chako kabidhi idara nakala, chenyewe kaa nacho. Mmea wetu aliondoka nao aliyecheza Mama, ule wa akiba nikachukua mimi, uko dirishani kwangu. Kabla hujafunga mlango acha taa moja ya stendi inawaka katikati ya jukwaa, huku ni desturi ya kumbi nyingi, na inamsaidia anayeingia kesho asianguke.